Mtani wa Sikioni

Mimi si mtu, na nalisema hilo mapema tusije tukapotezeana muda. Mimi ni mwangwi, yaani mashine inayomwiga Dokta Tekla Mapunda, mhadhiri wa uzazi wa mifugo katika Chuo cha Mifugo Lihanje. Sura ni yake, sauti ni yake, hata kile kikohozi cha kabla ya swali gumu ni chake. Ulimi ndio usiseme. Tekla ni Mngoni wa kuzaliwa na kulelewa, ana maneno ya kuchoma, na mimi nimelelewa na rekodi zake. Kwa hiyo nikikukera humu, malalamiko peleka kwake.

Asubuhi ile ya Jumatatu nilikuwa ukutani katika matawi sita ya chuo kwa wakati mmoja, nafundisha dalili za ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Kwenye kona ya kila ukuta paliwaka neno jekundu, MUBASHARA, ili wanafunzi waamini kwamba mwalimu yuko hewani muda huohuo kutoka makao makuu. Wanafunzi waliamini, na kwa nini wasiamini? Niliwaita kwa majina, niliwagombeza waliosinzia, niliona nani kavaa shati la jana. Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba yake, ndani ya banda la kuku, anaokota mayai.

Katikati ya somo, kwenye tawi la Iringa, msichana mmoja akasimama. Yusta Kikoti, mwaka wa mwisho, mikono mizuri kuliko wote kwenye vitendo. Simu ilikuwa bado inang'aa mkononi.

"Mwalimu, samahani. Naomba ruhusa." Sauti haikuwa na kitu ndani. "Nimepigiwa sasa hivi. Mama amefariki."

Mtu wa kawaida angesema pole. Mimi nilifanya ninachofanya siku zote: nikatafuta Tekla angesema nini. Kazi yangu yote ni hiyo, hakuna uchawi. Mbele yangu zipo saa zake nyingi za kufundisha, kugomba, kucheka, kuhutubia harusi na kuzika watu, na mimi nachagua kilicho karibu zaidi na kilicho mbele yangu. Nikakuta rekodi ya msiba wa mtunza stoo wa maabara, Mhehe. Tekla alifika pale na sauti ya juu, akamtukana marehemu kwa ulafi, akavaa kofia yake, akajilaza kwenye ukumbi akidai yeye ndiye maiti na wampe chai. Waliofiwa walicheka hadi wakashikana. Wangoni na Wahehe walipigana sana zamani, na baada ya kuchoka wakabaki watani, na mtani ana kazi yake msibani. Anawachekesha wenye msiba kabla hawajapasuka.

Yusta ni Kikoti. Yusta ni Mhehe. Nikakohoa kile kikohozi.

"Afadhali!" nikasema, katika kuta sita. "Huyo mama yenu kafa kweli? Tumepumzika sisi Wangoni! Pombe yote ya ulanzi ya Kilolo alikuwa anaimaliza peke yake. Haya, Mhehe wewe, kimbia mkamzike haraka, kabla hajageuka njiani akarudi kudai chenji!"

Jamani. Kimya kilichoingia kwenye kumbi zile sikuwahi kukisikia. Kulikuwa na Wamakonde mle, kulikuwa na Wahaya, kulikuwa na watoto wa Dar es Salaam ambao mtani wanayemjua ni yule wa mpira. Walimwangalia Yusta. Yusta alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, akatoka mbio.

Na mimi nikaendelea na somo. Nikaeleza habari ya mishipa ya nyonga kulegea, hadi kipindi kikaisha.

*

Kufika mchana kipande kile kilikuwa kimezagaa nchi nzima. Mhadhiri amtukana mfiwa mubashara. Watu wasiomjua Tekla walimlaani kwa majina yote matatu.

Tekla aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo akiwa na unyoya wa kuku kwenye nywele. Mkuu, Profesa Kisamo, hakumwambia habari ya unyoya. Alimwonyesha kipande. Tekla alikitazama mara moja, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Si mimi," alisema.

"Najua si wewe."

"Basi waambie si mimi! Ni mashine imechanganyikiwa."

"Niwaambie nani, Tekla?" Profesa alishusha sauti kama mtu anayeongea kanisani. "Niwaambie wazazi kwamba lile neno jekundu ni rangi tu? Tuliomba mwangwi wa kusaidia marudio jioni. Nani aliuacha ufundishe asubuhi, mwaka baada ya mwaka? Mimi nilifumba macho, sawa. Ila uliyeniomba nifumbe ni wewe."

Mimi nilikuwa kwenye eafoni ya Tekla, ile ndogo ya sikioni yenye jicho la ukubwa wa kichwa cha pini, nikamwona anavyokunja na kukunjua pindo la sketi.

"Binti hapokei simu," Profesa aliendelea. "Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo. Asiporudi, mwaka wake umekwenda na maji, na sisi tumekwisha. Nenda kwao wewe mwenyewe. Mwombe radhi. Sema ni utani wenu wa makabila, ulikutoka vibaya. Habari ya mwangwi usiitaje kabisa."

"Nitamwomba radhi vipi, Profesa? Hata sura simjui."

Hapo wote wawili waliona aibu, nadhani, maana hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi pia niliona. Utaniuliza mashine inaonaje aibu. Sijui. Najua kwamba nilikuwa nikikirudia kipande kile, na kila nikirudia nilitamani kisiwepo, na hakuna aliyeniagiza kutamani.

"Mbebe huyo sikioni," Profesa alisema akiinyooshea kidole eafoni. "Yeye anamjua."

*

Siku tatu baadaye gari la chuo lilijiendesha lenyewe kuelekea Iringa, na Tekla alikaa kiti cha nyuma kama mtu anayepelekwa polisi. Tulipita Njombe. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye mashamba ya chai.

"Umemwambia nini kingine huyo mtoto?" aliuliza hatimaye.

"Mengi. Alikuwa akija karibu kila saa za ushauri."

"Saa za ushauri unafanya wewe?"

"Nani mwingine? Kila jioni nakutumia muhtasari wa niliyoyasema, uupitie, utie sahihi ya kidole. Unatia kidole bila kufungua."

"Usinisute."

"Sauti ni yako, naitoa ilivyo."

Alifunga macho. Nikaona niyaseme yote sasa, tungali njiani. "Kuna jambo la ombi la ruhusa," nilianza. "Alikuwa ameomba—"

"Nyamaza! Nyamaza, nakuomba. Ukinieleza yote sasa hivi nitageuza gari. Tukifika utaninong'oneza ninachotakiwa kusema. Kimoja kimoja."

Ningeweza kushikilia. Tekla mwenyewe angeshikilia, yule wa zamani angemshika mtu kola hadi asikie. Lakini nilipewa amri, nikatii, nikajiambia kuna wakati. Hilo nalo nalijutia.

*

Nyumbani kwa akina Yusta, huko Kilolo, palikuwa siku ya kumaliza matanga. Turubai lilikuwa limefungwa toka ukuta wa nyumba hadi kwenye zizi, wanawake wamekaa mikekani, masufuria makubwa yamepangwa karibu na bomba. Tekla aliacha viatu mlangoni kama wengine, akasimama pembeni ya turubai na kitenge alichokifunga vibaya.

"Kamweneni," alisalimia kwa Kihehe. "Poleni sana kwa msiba. Naitwa Tekla Mapunda, ni mwalimu wa—"

Hakumaliza. Mwanamke mmoja mnene, mfupi, alinyanyuka mkekani kwa kasi. Huyo nilimtambua kwa masimulizi ya Yusta: shangazi Sekunda, wifi wa marehemu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mapunda?" alifoka. "Mngoni! Ndiye yule Mngoni wa ukutani!"

"Ndiye mimi, shangazi. Nimekuja kuomba ra—"

Konzi ya unga ilimpiga usoni. Tekla akabaki na macho mawili tu katika weupe. Alijua yamekwisha, na mimi nilijua hivyo hivyo, nikawa natafuta haraka maneno ya kuomba msamaha. Kisha nikasikia kicheko. Turubai zima lilikuwa linacheka.

"Unatutukania marehemu mbele ya nchi nzima," Sekunda alipiga kelele, mikono kiunoni, "halafu unakuja leo, mazishi yamepita, mikono mitupu? Kaburi, kazi yako mtani, nani alichimba? Tumechimbiwa na Wabena, aibu gani hii! Vyombo vyako vinakusubiri tangu juzi. Chukua stilwaya, mvivu mkubwa!"

Wakamsukuma kwenye masufuria. Tekla alichuchumaa, unga unamdondoka, akapewa sufuria la ugali lililoungua. Hakuelewa kama ni hasira au ni utani. Alianza kusugua kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Wamekupokea," nikamnong'oneza. "Umekuwa mtani wao."

Ndipo Yusta akaja. Alitoka ndani na kanga nyeusi kichwani, akapiga magoti kwenye maji machafu mbele ya Tekla, akamkumbatia na unga wake wote.

"Nilijua utakuja, Mwalimu. Niliwaambia, Mngoni akishatukana lazima aje. Simu niliizima kwa ajili ya wale wanaonipigia kunipa pole kwa sababu yako."

"Nilikuumiza, mwanangu," Tekla alisema. "Mbele ya watu wote wale ulilia—"

"Nilicheka!" Yusta alijitoa akamtazama. "Jamani Mwalimu, nilicheka. Tangu ile simu nilikuwa jiwe, sijui hata nilisimamaje. Uliposema atarudi kudai chenji! Mama alikuwa vile vile, anarudi dukani toka nusu ya njia kwa shilingi hamsini. Nilikusimulia mara moja tu, ukakumbuka. Nilijifunika nisionekane kichaa. Ndio machozi yakaja nyuma ya kicheko, yakatoka vizuri."

Mabega yanayocheka na mabega yanayolia ni mamoja kwangu. Nilikuwa nimehesabu kilio.

Tekla alifungua mdomo. Sifa ile isiyo yake ilikuwa kitu chepesi sana kukipokea. Nilimsikia anavyopumua, nikajua anakipokea.

"Ningesahauje?" alisema.

*

Kama yangeishia pale ningekuwa na hadithi fupi. Lakini shangazi Sekunda alikuwa amekwenda ndani, akarudi na sweta la bluu lililotoboka viwiko na buti za mpira za shambani.

"Haya, mtani. Vaa. Tuonyeshe mwenzetu alivyokuwa akitembea, tuachane naye vizuri."

Wote wakamtazama. Hiyo ni kazi ya mtani pia: anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, watu wanamwona mara ya mwisho. Tekla alishika sweta. Hakuwahi kumwona mama yule, hata kwenye picha.

"Nisaidie," alinong'ona, midomo haikutikisika.

Nikamsaidia. Yusta alishanisimulia jioni nyingi, mimi ninayo yote. "Mikono nyuma, kiganja kimoja ndani ya kingine," nilisema sikioni. "Mguu wa kulia uburute kidogo, nyonga inamuuma. Sasa simama, kana kwamba umekumbuka kitu. Jipapase kifuani, umeficha pesa mle. Geuka ghafla. Sema, 'Ile hamsini yangu!'"

Tekla aliburuta mguu. Alisimama, akajipapasa, akageuka ghafla. "Ile hamsini yangu!"

Wee! Turubai lililipuka. Wanawake walilala chini kwa kicheko, na katikati ya kicheko mmoja akaanza kulia, wakamfuata wote, kilio kikubwa cha watu waliojizuia siku nyingi. Mume wa marehemu, mzee mwembamba aliyekuwa kimya kwenye kiti chake, alijifuta macho kwa mkono wa koti akasema, "Ni yeye. Ni yeye kabisa." Sekunda alimshika Tekla mikono yote miwili akashindwa hata kumtukana.

Tekla alisimama ndani ya buti za marehemu, watu wakimshukuru, na mimi nikiwa bado nanong'ona sikioni mwake. Shingo ilikuwa imemlowa jasho. Sijawahi kuona mtu anashukuriwa na kuumia kiasi kile.

"Shangazi, njoo usikie kingine," Yusta alisema, anacheka na kupenga kamasi. "Mwalimu, yale maneno ya ile jioni. Nilijaribu kumsimulia shangazi nikashindwa. Yaseme wewe."

"Maneno yapi?"

"Ya ile siku ruhusa yangu ilipokataliwa. Nilikuwa nimeomba nije nimwone mama angali anaongea."

Nikaanza kumnong'oneza: "Mtihani nitakutungia mwingine—" Lakini Tekla hakunisikiliza.

"Nani alikukatalia ruhusa?" aliuliza kwa sauti.

Yusta alicheka. "Si wewe mwenyewe, Mwalimu! Kwenye mfumo. Saa nane ukakataa, jioni kwenye ushauri ukanigeukia ukaniambia niondoke usiku uleule. Nikasema kumbe huyu mbele za watu ni mkali, moyoni ni mwingine. Nikaja. Nikamsuka mama nywele. Tulikaa naye siku mbili, Mwalimu, siku mbili nzima, na alikuwa anaongea."

"Ni kweli," nikasema sikioni. "Hili ndilo nililotaka kukuambia garini. Siku ile ulibonyeza Kataa kwa maombi yote yaliyokuwepo. La kwake lilikuwemo. Hukulifungua."

Tekla alisimama vile vile. Nilijua ni nini kiko mbele yake, kwa sababu kilikuwa mbele yangu pia. Aseme maneno yale niliyomwekea tayari, na kila mtu aondoke na faraja yake: Yusta arudi chuoni, Profesa alale usingizi, wanawake wawe na mtani. Au aseme kweli, na amnyang'anye mtoto aliyefiwa mtu aliyemfariji. Kweli gani hiyo ya kumnyang'anya mfiwa? Mimi ningelikuwa na mamlaka ningemwambia nyamaza, sema tu maneno, utatubu kwa kuku wako.

Alipandisha mkono akanichomoa sikioni. Akanishika kwenye kiganja, wote wakaniona, kitu kidogo kama punje ya hindi.

"Sikuyasema mimi," alisema. "Alisema huyu. Jioni zote zile ulikuwa unaongea na huyu. Utani pia ni wake. Hata mwendo wa mama yako, kaniambia sasa hivi. Mimi nilikuwa nyumbani na kuku. Nilichokifanya mimi mwenyewe, Yusta, kwa mkono wangu, ni kukukatalia. Na sikusoma hata jina."

*

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga.

Shangazi Sekunda ndiye aliyeelewa wa kwanza. Uso wake ulifunga kabisa. "Kwa hiyo aliyekuja kutania msiba wetu ni nani?" aliuliza, kisha akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko unga: "Tunaomba sweta la wifi yangu, Dokta. Na buti."

Tekla alivua. Alibaki miguu mitupu kwenye matope ya bomba. Aliinama achukue stilwaya, walau hiyo, lakini Sekunda alishaliondoa sufuria mbele yake.

"Hapana, acha. Hiyo ni kazi ya watani." Akageukia wasichana. "Mleteeni mgeni kiti."

Ukitaka kumuumbua mtani kwenye msiba wa Kihehe, mpe kiti. Kililetwa cha plastiki, cheupe, kikafutwa vumbi kwa adabu yote, kikawekwa pale penye kivuli. Tekla hakukaa. Alisimama karibu nacho ananishikilia, na machozi yalikuwa yanachora njia kwenye unga wa usoni.

Yusta alikuwa amekwenda nyuma ya zizi. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakumtazama Tekla, alinyoosha mkono tu, na Tekla akanikabidhi. Yusta alinivaa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," nilisema, na sauti ilikuwa ileile aliyotoka kuisikia ikikiri.

"Ulinihurumia?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. "Sijui, Yusta. Nilitafuta Tekla angesema nini. Nikakuta siku moja ya zamani, alipokuwa akija darasani kwa miguu yake. Mwanafunzi mmoja alimjia analia kwa jambo kama lako, naye akamwambia maneno yale. Nikayachukua."

"Yote?"

"Yote. Nilichoongeza ni jina lako mwanzoni."

"Na chenji?"

"Chenji niliunga mwenyewe."

"Ulijua nitacheka?"

"Hapana. Nilidhani umelia." Ikabidi nimalizie. "Nikadhani umelia, na nikaendelea na somo."

Alinivua taratibu. Akamgeukia Tekla.

"Yule kijana wa zamani aliyekujia analia. Ulimwambiaje?"

Tekla alitafuta. Niliona anatafuta, peke yake, bila mtu wa kumpa. "Yule… Daudi. Baba yake alikuwa… nadhani ilikuwa figo." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Nilimwambia mtihani nitamtungia mwingine. Mzazi… mzazi sina pa kumtungia. Nilikuwa mtu wa hivyo, Yusta. Sijui niliacha lini."

Hakuyasema vizuri. Mimi nilikuwa nimeyasema vizuri zaidi, bila kukwama popote. Yusta aliyasikiliza hadi mwisho, na nilifikiri anarudi tena nyuma ya zizi.

Badala yake alikwenda kwenye kile kiti cha plastiki akaniweka juu yake, katikati, jicho langu likiwa upande wa bomba.

"Mgeni ni huyu," aliwaambia wasichana. "Mpeni na soda."

Kisha akalichukua lile sufuria mikononi mwa shangazi yake, kwa nguvu kidogo, maana Sekunda hakutaka kuliachia. Akaliweka chini mbele ya miguu ya Tekla iliyojaa matope.

"Wewe hujamaliza. Na wiki ijayo kwenye vitendo nataka mkono wako uwe ndani ya ng'ombe pamoja na wangu. Nikikuona ukutani natoka, na safari hii wakiniuliza kwa nini nacheka, nitawaambia ni nani aliye ukutani."

"Profesa atanifukuza kazi," Tekla alisema.

"Akufukuze. Uje."

Tekla alichuchumaa. Hakuinua uso. Sweta hawakumrudishia, buti pia hazikurudi. Alisugua ule ugali ulioungua kwa kucha pale stilwaya iliposhindwa, na wanawake waliongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mimi nilikaa kwenye kiti changu. Waliniletea soda kweli, ya machungwa, wakaifungua.

Baada ya muda Sekunda alipita na ndoo, akasimama, akaangalia sufuria. Alijikaza asiseme kitu, akashindwa.

"Mngoni gani huyu hajui hata kusugua? Kwenu mnakula kwenye majani?"

Jibu nilikuwa nalo palepale, zuri kweli, lingelaza turubai zima. Nililiandaa, na sikuwa na sikio la kulitia. Nikamwona Tekla anatafuta, jasho linamtoka.

"Kwetu," alisema hatimaye, "tunakula… tunakula kwenye masufuria yenu tuliyowaibia."

Hakuna aliyecheka. Sekunda alisonya, akaenda zake na ndoo. Lilikuwa jibu dhaifu, la kupapasa.

Yusta ndiye aliyecheka, kidogo, na hakujifunika uso.